Namna ya Kusoma Majibu ya Damu Sambamba na Hisia kwa Mwenye Lupasi au Baridi Yabisi

Mgonjwa anayerudi kutoka kliniki na karatasi ya majibu ya damu hupokewa nyumbani kwa swali moja: namba zimepanda au zimeshuka? Zikiwa zimeshuka, ndugu hushusha pumzi, na yeye mwenyewe, ambaye kwa majuma kadhaa hajatamani hata kupokea simu, hukosa namna ya kuwaeleza kwamba bado hajisikii mzima. Zikiwa zimepanda, kila huzuni, kila hasira na kila usiku wa kukosa usingizi husingiziwa ugonjwa. Yote mawili hupotosha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuweka majibu ya damu na hali ya hisia katika kumbukumbu moja, ili wewe na daktari wako muweze kutenganisha sonona inayokuja ugonjwa unapochachamaa, ile inayoletwa na dawa, ile inayotokana na upungufu fulani katika damu, na ile isiyohusiana na damu hata kidogo. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye tayari ameambiwa ana lupasi, baridi yabisi au ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili kujishambulia, na anayehudhuria kliniki Dar es Salaam. Si mbadala wa daktari, wala haukusudii kumfanya mtu yeyote apunguze au aongeze dozi kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kwa nini damu na hisia huhusiana

Kinga ya mwili inapoamka, chembe zake hutoa kemikali za kupeana taarifa, mojawapo ikiwa ni interliukini 6. Kemikali hiyo ndiyo inayoliamuru ini litengeneze protini ambayo maabara huipima kwa jina la CRP. Athari za kemikali hizo hufika pia ubongoni, na hapo humletea mtu uchovu, kukosa hamu ya chakula, kutotaka kuzungumza na watu na mawazo mazito. Aliyewahi kulazwa kitandani na malaria anaifahamu hali hiyo, isipokuwa malaria ikitibiwa kinga hutulia baada ya siku chache, ilhali katika lupasi na baridi yabisi hali yenyewe, ambayo wataalamu huiita inflamesheni, inaweza kudumu miezi na miaka. Inflamesheni hiyo huchochea pia kimeng'enya kinachoichepusha triptofani, malighafi ambayo mwili hutengenezea serotonini (kemikali ya ubongo inayohusika na hisia), na kuipeleka kwenye njia nyingine ya kikemia ambayo baadhi ya mazao yake huuchokoza ubongo.

Ushahidi mzito kuliko mwingine wote ulitoka kwa watu waliokuwa na ugonjwa tofauti kabisa. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walipokuwa wakitibiwa kwa sindano za interferoni alfa, takriban robo hadi theluthi yao walipata sonona wakiwa katika matibabu, na wengi wao hawakuwahi kuwa nayo kabla. Interferoni ya jamii hiyo hiyo ndiyo inayokutwa kwa wingi katika damu ya wagonjwa wengi wa lupasi. Jaribio jingine, lililochapishwa Marekani mwaka 2013, liliwahusisha watu 60 waliokuwa na sonona iliyokataa kupona kwa dawa za kawaida, nusu yao wakipewa infliksimabu, dawa inayozima mojawapo ya kemikali hizo za kinga. Kwa ujumla dawa hiyo haikufua dafu mbele ya maji ya chumvi waliyopewa wenzao. Hata hivyo, waliokuwa na CRP inayozidi miligramu 5 kwa lita walielekea kupata nafuu, na waliokuwa na CRP ya chini walifanya vibaya kuliko wale wasiopewa dawa yenyewe.

Jaribio hilo linapaswa kukumbukwa kila unaposhika karatasi ya majibu, kwa sababu linaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba uhusiano upo, na kwamba haupo kwa kila mtu. Wapo ambao huzuni yao hupanda na kushuka pamoja na CRP, na wapo ambao CRP yao imetulia mwaka mzima huku wakilia kila jioni. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema huyu ana sonona na yule hana.

Daftari

Nunua daftari la kawaida la shule. Programu za simu zipo nyingi, lakini daftari halizimiki chaji kwenye foleni ya kliniki, na daktari anaweza kulipekua kwa nusu dakika. Andika mara moja kila baada ya wiki mbili, siku ile ile, saa ile ile kadiri inavyowezekana, tarehe, dozi ya kila dawa unayotumia, jinsi ulivyolala, homa au maambukizi yoyote, na kwa wanawake siku za hedhi. Chini yake andika alama za hisia. Siku ya majibu ya damu, nakili namba hizo katika ukurasa ule ule badala ya kuziacha katika faili peke yake.

Kwa alama za hisia, dodoso la PHQ-9 linafaa, na tafsiri yake ya Kiswahili ipo na inatumika katika huduma za afya nchini. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Jumla ya 10 au zaidi inatosha kumfanya mtu aombe kuonana na mtaalamu. Lakini kwa mgonjwa wa kinga kujishambulia dodoso hili lina mtego wake. Maswali kuhusu usingizi, uchovu, hamu ya chakula, umakini, na kuzubaa au kutotulia yanaweza kupata alama za juu kwa sababu ya viungo vinavyouma na damu iliyopungua, hata kama mtu hana sonona. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, uliojumuisha tafiti 72 za wagonjwa wa baridi yabisi, uliuonyesha mtego huu waziwazi: kwa dodoso la PHQ-9 asilimia 38.8 walionekana kuwa na sonona, ilhali kwa vigezo kamili vya kitabibu walikuwa asilimia 16.8.

Kwa hiyo andika jumla mbili. Ya kwanza, iite ya hisia, ni ya maswali manne: kukosa raha au hamu ya kufanya mambo, kuwa na huzuni, kujiona hufai, na kuwaza kufa au kujidhuru. Ya pili, iite ya mwili, ni ya yale matano yaliyobaki. Huu si utaratibu rasmi wa dodoso; ni mpangilio wa daftari tu, lakini husaidia kuona kipi kilichotangulia.

Chukua mfano wa kubuni wa mama mmoja wa Tabata mwenye lupasi, anayetumia prednisoloni miligramu 5 na haidroksiklorokwini, dawa mbili za kutuliza kinga. Mwezi Machi ukurasa wake unasomeka: jumla 7, hisia 2, mwili 5, himoglobini 11.8, ESR (kipimo kingine cha inflamesheni) 30, CRP 6. Mwezi Juni unasomeka: jumla 14, hisia 4, mwili 10; himoglobini 9.1, ESR 62, CRP 9, ferritini (protini inayohifadhi madini ya chuma) 40, C3 na C4 (protini za kinga ziitwazo komplimenti, ambazo hushuka lupasi inapochachamaa) kama zilivyokuwa. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba hedhi ya miezi miwili imekuwa nzito. Mtu wa haraka angeiona ESR imepanda maradufu na alama za sonona zimepanda maradufu, akahitimisha kwamba lupasi imechachamaa na imemvuruga akili. Ukurasa wenyewe unasema vingine. Upungufu wa damu peke yake hupandisha ESR. CRP haikusogea sana, na komplimenti hazijashuka. Alama zilizopanda zaidi ni za mwili. Ferritini ya 40, ambayo maabara nyingi huichapa kuwa ya kawaida, si ya kuaminiwa hapa, kwa kuwa ferritini hupandishwa na inflamesheni. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa mtu mzima mwenye maambukizi au inflamesheni kiwango kilicho chini ya 70 kinaweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma, badala ya 15 inayotumika kwa mtu mwenye afya. Mama huyu huenda anahitaji kutafutiwa chanzo cha kupoteza damu na kupewa madini ya chuma, kabla ya mtu yeyote kufikiria kumwongezea prednisoloni.

Vipimo vyenyewe

CRP na ESR huandikwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, na sivyo. CRP huanza kupanda ndani ya saa chache, hufika kilele baada ya siku mbili hivi, na chanzo kikiondoka hupungua kwa nusu takriban kila saa 19. ESR, ambayo ni kasi ya chembe nyekundu kuzama ndani ya mrija kwa saa moja, hujivuta. Inaweza kubaki juu kwa majuma baada ya CRP kutulia. Hivyo CRP ya leo inalinganishwa na hisia za wiki hii, si za mwezi uliopita. Angalia pia kipimio: maabara moja huandika miligramu kwa lita na nyingine miligramu kwa desilita, na 1 ya pili ni sawa na 10 ya kwanza. Wapo waliopata hofu, na wapo waliofurahi, kwa kuhama maabara tu. Ni heri kupima mahali pamoja kila mara.

Katika jiji hili, CRP iliyopanda inaweza kuwa malaria, UTI, jino bovu au kifua. Hili ni muhimu zaidi kwa wagonjwa wa lupasi, kwa sababu kwao CRP mara nyingi haipandi sana hata ugonjwa unapochachamaa, isipokuwa utando wa mapafu au wa moyo ukiwa umeshambuliwa; ikiruka ghafla, maambukizi hutafutwa kwanza. ESR nayo ina upofu wake: mwenye selimundu anaweza kuwa na ESR ya chini isiyoakisi hali halisi, kwa kuwa chembe zenye umbo la mundu hazipangani vizuri ili zizame. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa ya watoto wanaozaliwa na selimundu, hivyo si jambo la kupuuza.

Wenye baridi yabisi wanapaswa kuifahamu alama iitwayo DAS28, ambayo madaktari huitumia kupima ukali wa ugonjwa. Hukokotolewa kwa idadi ya viungo vinavyouma vikibonyezwa, idadi ya viungo vilivyovimba, ESR au CRP, na namba ambayo mgonjwa mwenyewe hutaja anapoulizwa hali yake kwa jumla. Sehemu mbili kati ya hizo nne hutoka kinywani mwa mgonjwa, na mtu mwenye sonona huumia zaidi na hujipa alama mbaya zaidi. Matokeo yake, DAS28 inaweza kubaki juu huku viungo havijavimba na CRP imetulia, mgonjwa akabadilishiwa dawa kali za kinga wakati alichokosa ni matibabu ya sonona. Omba uonyeshwe sehemu hizo nne mojamoja, na zinakili kwenye daftari.

Kwa lupasi, vipimo vinavyofuatilia ugonjwa ni kingamwili dhidi ya DNA, ambazo hupanda, na komplimenti C3 na C4, ambazo hushuka. Si kila maabara huvifanya, na sampuli inaweza kupelekwa kwingine, kwa hiyo uliza mapema majibu yatatoka lini na kama bima yako inavilipia. Kipimo cha ANA, yaani cha kingamwili dhidi ya viini vya chembe za mwili, husaidia kugundua ugonjwa. Kukirudia kila kliniki ni kupoteza fedha, kwa sababu hakifuati kupanda na kushuka kwa ugonjwa wala kwa hisia. Vivyo hivyo kupima interliukini na kemikali nyingine za aina hiyo: ni kazi ya watafiti, na kwa mgonjwa mmoja mmoja majibu yake hayabadilishi matibabu ya sonona.

Kinachosahaulika mara nyingi ni tezi ya thairoidi. Kinga iliyozoea kuushambulia mwili haikomei mahali pamoja, na mwenye lupasi au baridi yabisi ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuwa na ugonjwa wa tezi hii. Ikizembea, mtu huwa mzito, msahaulifu, mwenye huzuni na baridi hata katika joto la Februari. Ikizidisha kasi, huwa na wasiwasi, mikono hutetemeka na usingizi hukatika. Kipimo cha kuanzia ni TSH, homoni inayoiamuru tezi hii ifanye kazi. Dozi ya dawa ya tezi ikibadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, na kabla ya hapo haina maana kulalamika kwamba dawa imeshindwa. Jambo moja dogo: vidonge vya kukuza nywele na kucha vinavyouzwa kila kona ya Kariakoo mara nyingi huwa na biotini nyingi, na biotini inaweza kupotosha kipimo hiki. Mwambie mtaalamu wa maabara, na uviache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu.

Vitamini B12 ipimwe pia, hasa ukiwa na ganzi miguuni, ulimi unaouma au chembe nyekundu zilizo kubwa kuliko kawaida kwenye FBP (kipimo cha picha kamili ya damu). Kuna ugonjwa wa kinga unaouzuia utumbo kufyonza vitamini hii, na upungufu wake huleta sonona na usahaulifu vinavyotibika kwa sindano. Vitamini D huonekana kuwa chini kwa wagonjwa wengi wa lupasi, kwa sehemu kwa kuwa wanashauriwa kukwepa jua. Ikiwa chini itibiwe kwa ajili ya mifupa, lakini usiitegemee kuondoa huzuni.

Prednisoloni

Dawa hii inahitaji mstari wake katika daftari, kwa kuwa inaweza kuyafanya majibu ya damu yapendeze huku ikimvuruga mtu. Utafiti wa mwaka 1972 uliofuatilia wagonjwa waliolazwa na kupewa dawa ya jamii hii uliona matatizo ya akili kwa asilimia 1.3 ya waliotumia hadi miligramu 40 kwa siku, asilimia 4.6 ya waliotumia miligramu 41 hadi 80, na asilimia 18.4 ya waliozidi 80. Si huzuni tu; wengine huchangamka kupita kiasi, hawalali, hununua vitu wasivyovihitaji na hugombana na kila mtu, na ndugu hudhani amepona kweli kweli. CRP ikishuka ndani ya siku chache baada ya dozi kupandishwa huku tabia ikibadilika, dawa ishukiwe. Prednisoloni hupandisha pia chembe nyeupe za damu bila maambukizi yoyote, na hupandisha sukari, zaidi mchana na jioni, hivyo sukari ya asubuhi kabla ya kula inaweza kuonekana safi kwa mtu anayechoka na kukasirika kila alasiri. Uliza kama unaweza kumeza dozi yote asubuhi. Usiikatishe ghafla, kwa sababu mwili uliokwisha kuizoea huacha kutengeneza homoni yake ya kotisoli, na kuikosa kwa ghafla huhatarisha maisha.

Ukifika kwa daktari

Muda ni mfupi na foleni ni ndefu, hivyo usianze na historia yote. Fungua ukurasa na useme: "Daktari, tangu mwezi wa tano alama zangu za hisia zimepanda kutoka 2 hadi 7, na CRP haijabadilika. Naomba tuangalie kama ni dawa, tezi au damu, na kama si hizo, nipate rufaa ya afya ya akili." Sentensi kama hiyo humpa daktari kazi ya kufanya, ilhali kauli kwamba una mawazo mengi hupokewa kwa pole na kuishia hapo. Anayehudhuria hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, anaweza kuanza kuulizia huko huko huduma za afya ya akili, na Muhimbili ina idara yake ya magonjwa ya akili. Ikiwezekana nenda na mtu unayeishi naye. Dada au mume ndiye anayejua kwamba umeacha kwenda kwaya au kwamba unaamka saa tisa usiku, mambo ambayo wewe umeshayazoea.

Namba zikiwa safi na huzuni ikabaki, sonona itibiwe kama sonona, kwa ushauri nasaha, dawa au vyote viwili. Wapo wanaosubiri ugonjwa utulie kwanza. Sioni sababu ya kusubiri, kwa kuwa mwenye sonona husahau dawa za lupasi na hukosa kliniki, na ugonjwa hupata mwanya.

Dalili zisizosubiri maabara

Mgonjwa wa lupasi akichanganyikiwa ghafla, akisikia sauti, akipata degedege, au akiwa na homa pamoja na kuweweseka, apelekwe idara ya dharura siku hiyo hiyo. Lupasi yenyewe inaweza kushambulia ubongo: orodha ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 1999 ilitaja aina 19 za matatizo ya neva na akili, yakiwemo ya hisia na saikosisi (kupoteza mguso na uhalisia). Lakini malaria kali, homa ya uti wa mgongo na prednisoloni vinaweza kuleta sura ile ile, na matibabu yake hupingana, kwani lupasi ya ubongo huhitaji steroidi (dawa za jamii ya prednisoloni) zaidi na saikosisi ya steroidi huhitaji zipunguzwe. Komplimenti zilizoshuka huelekeza kwenye lupasi, ila zikiwa za kawaida haziiondoi, ndiyo maana huenda daktari akaomba maji ya uti wa mgongo na picha ya ubongo. Anayezungumzia kujiua naye asiachwe peke yake hata kama majibu ya damu ya jana yalikuwa mazuri, na dawa zote za nyumbani zishikwe na mtu mwingine.

Anayemsindikiza achukue daftari, karatasi za majibu ya mwisho na dawa zenyewe zikiwa katika pakiti zake, na amwambie muuguzi wa kwanza atakayempokea kwamba mgonjwa anatumia prednisoloni, miligramu ngapi, na tarehe ambayo dozi ilibadilishwa mara ya mwisho.